Fedha ya Mgodi Inalala Wapi?

(Hotuba hii ilisomwa na karani mmoja wa mgodi mbele ya mkutano wa wanachama na watu wa mji wa Uvira. Wengi waliokosa nafasi ya kuingia waliomba ichapishwe. Twaichapa yote kama ilivyosomwa.)



Mimi si msemaji. Mapadri walinifundisha kuandika kwa mwandiko mzuri na kujumlisha pasipo kukosea, na hiyo ndiyo kazi inayonipa ugali. Mwenyekiti aliponiomba niseme juu ya fedha ya umma, nilimjibu ya kuwa wapo wanasiasa wa kusema. Akaniambia, "Wanasiasa tumekwisha kuwasikia. Twataka mtu wa daftari." Basi nimekuja na daftari.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe, ili msije mkasema karani huyu anawanyoshea wengine kidole.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, mahali ambapo sitapataja, niliambiwa kutia sahihi karatasi ya kupokea viatu vya mpira vya wafanyakazi. Karatasi ilisema jozi 200. Nikaenda depo, nikahesabu jozi 74. Nikarudi, nikahesabu tena: 74. Nikamwuliza mkubwa wangu jozi 126 ziko wapi. Hakukasirika. Alicheka, akanipa kalamu yake, akaniambia, "Karani, kazi yako ni kuandika." Ndugu zangu, niliandika 200. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga, na kazi nilikuwa nimeitafuta miaka miwili. Mwezi ule watu walishuka shimoni na viatu vilivyofungwa kwa kamba. Mmoja alikatwa na jiwe la mgodi, akalala nyumbani wiki sita pasipo mshahara. Mkono wangu ndio uliosema ya kuwa alikuwa na viatu.

Tangu siku ile nimejua jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Fedha ya umma haiibwi usiku kwa kuvunja mlango. Huibwa mchana, mezani, na karani yupo.

Lakini leo sikuja kusema habari ya wizi peke yake. Kuna wizi, na kuna kugawa vibaya, nayo mara nyingine huumiza kuliko wizi. Mwizi akichukua fedha ya daraja, twajua imeibwa, twaweza kumtafuta. Lakini mkubwa akiichukua fedha ile ile akajenga nayo jumba la wageni, akaja mpiga picha, ikapigwa tarumbeta, sisi wenyewe tunaopita mtoni kwa miguu twapiga makofi.

Wazee wanakumbuka waya wa umeme wa Inga. Serikali ya Mobutu ilivuta waya ule toka Inga, kule magharibi, mpaka Kolwezi, zaidi ya kilomita 1,700, ukamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Deni lake lilibebwa na nchi nzima. Waya ulipita juu ya vijiji visivyohesabika, na vijiji vile vikabaki na taa ya mafuta. Hapo hakuna viatu vilivyopotea depo. Waya upo, nguzo zipo. Tena ndiyo miaka ile ile ambayo Gbadolite ilijengewa majumba ya mfalme na uwanja wa kutua ndege kubwa za ulimwengu. Benki ya nchi nayo ililetewa Mjerumani mmoja, Erwin Blumenthal, mwaka 1978 ili aisimamie. Hakumaliza hata miaka miwili. Alipoandika habari zake mwaka 1982, aliwaonya wakopeshaji ya kuwa fedha yao hawataiona tena, kwa jinsi ulafi ulivyokuwa umeishika serikali ile.

Sasa nifungue daftari.

Sheria ya migodi iliyotiwa sahihi tarehe 9 Machi 2018 inasema ya kuwa kampuni yenye haki ya kuchimba italipa ushuru juu ya thamani ya madini inayouza. Dhahabu hulipa asilimia 3.5. Koltani, tangu mwishoni mwa 2018 ilipowekwa katika madini ya pekee pamoja na kobalti, hulipa asilimia 10. Ushuru huo haumezwi wote na Kinshasa. Sheria imeugawa: katika kila dola 100, 50 ni za serikali kuu, 25 ni za jimbo, 15 ni za sheferi au sekteri au komini ambayo mgodi umo ndani yake, na 10 huwekwa katika mfuko kwa ajili ya watoto watakaozaliwa baada ya madini kwisha.

Tuifanye hesabu pamoja, polepole, maana ndiyo sababu ya kuniita. Tuseme kampuni imeuza dhahabu ya dola 1,000,000. Asilimia 3.5 ni dola 35,000. Kinshasa itapata 17,500. Jimbo litapata 8,750. Watoto wa kesho watawekewa 3,500. Na sheferi, pale penye shimo na vumbi na mto uliochafuka, itapata 5,250. Kama ni koltani ya thamani ile ile, sehemu ya sheferi ni dola 15,000.

Zaidi ya ushuru huo, sheria hiyo hiyo yaitaka kampuni itoe sehemu isiyopungua 0.3 katika kila 100 ya mauzo yake, kwa ajili ya kazi za maendeleo ya wenyeji. Katika milioni yetu ile ni dola 3,000 nyingine. Hiyo si zawadi. Siku ile meneja anapokuja na kofia nyeupe kukata utepe wa darasa, na wanafunzi wanaimba, na mwami anampa mbuzi, yafaa mjue ya kuwa huenda mnamshukuru mtu kwa kuwalipa deni lake.

Katika sheria ya kwanza, ile ya 2002, fedha ya sheferi ilipita kwanza katika mikono ya serikali, kiisha ilipaswa kurudi. Haikurudi, au ilirudi imekonda. Ndiyo maana sheria ya 2018 ilitaka kila mmoja alipwe sehemu yake moja kwa moja na kampuni. Ni badiliko jema, nami nawasifu waliolipigania. Lakini angalieni matokeo yake. Zamani fedha yetu ilipotea mbali, na tukaweza kumlaumu mtu wa Kinshasa. Sasa ikipotea, inapotea hapa hapa, katika ofisi ambayo twajua rangi ya mlango wake.

Nawauliza ninyi mliotoka milimani na kwenye machimbo: ni nani kati yenu amewahi kuona, pale penye ofisi ya sheferi yake, karatasi iliyobandikwa ikisema mwaka huu tumepokea kiasi fulani cha ushuru wa mgodi, na tumekitumia hivi na hivi? Nyosheni mikono. (Hakuna aliyenyosha mkono. — Mhariri) Haya. Na ni nani ameona gari jipya la sheferi? (Kicheko, na mikono mingi.)

Si vibaya shefu kuwa na gari. Barabara zetu mwazijua. Neno langu ni kwamba hakuna aliyeulizwa. Pengine wenyeji wangalisema, "Ndiyo, tuanze na gari, maana wagonjwa hufia njiani." Pengine wangalisema, "La, tuanze na maji." Hatujui, kwa kuwa shauri hilo halikufanywa.

Juu zaidi ya hapo kuna Katiba. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, yasema jimbo libaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwake, tena yakatwe pale pale yalipopatikana, yasisafiri kwanza kwenda Kinshasa. Kifungu cha 181 chaweka mfuko wa kusawazisha, asilimia 10, ili jimbo maskini lisaidiwe. Maneno mazuri! Lakini desturi iliyoshika nchi si ile ya kukata hapa. Ni ile ya kupeleka yote, kiisha kungoja barabarani kama mtoto anayemngoja baba mlevi siku ya mshahara. Majimbo hulalamika mwaka kwa mwaka kwamba hupewa kidogo, tena kwa kuchelewa.

Najua baadhi yenu mwasema moyoni, "Karani anasema habari za kampuni, sisi twachimba kwa mikono." Ni kweli. Katika Kivu yetu dhahabu nyingi hutoka katika mikono ya wachimbaji wadogo, toka Misisi, toka Kamituga, toka milima ya Fizi na Mwenga. Ushuru ule niliousema ni wa wenye haki ya kampuni; mchimbaji wa mikono hutozwa kwa njia nyingine nyingi, nanyi mwazijua kuliko mimi: huyu anataka cha shimo, yule cha kizuizi cha njia, mwingine cha usalama, mwingine hana hata jina la kile anachotaka. Mtu analipa mara saba kwa siku, na hazina ya serikali haioni hata mara moja. Kiisha dhahabu yenyewe yapita. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameandika mwaka baada ya mwaka kwamba dhahabu ya Kongo ya mashariki huvushwa kwa magendo kwenda nchi za jirani, na toka huko yaruka mpaka Dubai. Mji wetu huu ni moja ya milango. Tusijifanye vipofu: wapo wanaokula kwa mlango huo, na wengine wao ni jamaa zetu.

Hayo ni juu ya fedha inayoingia. Niseme pia juu ya fedha iliyokwisha kuingia na jinsi ilivyotumika.

Mwaka 2014 serikali ilizindua shamba kubwa mahali paitwapo Bukanga Lonzo, katika nchi ya Kwango, hekta 80,000. Tuliambiwa mahindi yatajaa, Kinshasa haitanunua unga ng'ambo tena. Matrekta yalionekana katika picha. Ilipofika 2017 shamba lilikuwa limekufa. Wakaguzi wa fedha wa serikali, walipotoa hesabu mwaka 2020, walisema dola milioni 285 zilitolewa, na kwamba zaidi ya milioni 200 kati yake hazikwenda kwenye kazi iliyotajwa. Tarehe 20 Mei 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu waziri mkuu wa zamani, Augustin Matata Ponyo, miaka 10 ya kazi za lazima, na aliyekuwa gavana wa Benki Kuu, Deogratias Mutombo, miaka 5. Matata mwenyewe hakukubali kosa, naye ana wafuasi wanaosema ni siasa. Mimi si hakimu. Mimi nauliza habari ya mahindi.

Maana hapa kwetu, mkitoka Uvira kwenda bondeni, mnafika Kiliba. Kiwanda kile cha sukari kilijengwa miaka ya 1950. Baba zetu walifanya kazi pale. Mji mzima ulikula kwa miwa. Kilisimama mwaka 1996, vita ilipokuja. Baadaye zilifanyika juhudi za kukifufua, lakini watoto wetu wameikua wakinywa chai yenye sukari iliyosafiri bahari. Udongo wa Ruzizi haukuhama, maji ya Ruzizi hayakuhama. Mkubwa anayetaka kulisha nchi, kwa nini aanze na pori jipya huku akiacha shamba linalojulikana, lenye mitaro yake na watu wanaojua kazi? Nadhani nina jibu, nanyi mtanisahihisha. Kitu kipya kina mkataba mpya, na mkataba mpya una zabuni, na zabuni ina mlango wa nyuma. Kutengeneza pampu iliyokufa hakumpi mtu asilimia kumi.

Kuna habari nyingine ya karibuni, nayo imeniuma kuliko ile. Mnakumbuka vita vya siku sita vya Kisangani, Juni 2000, Warwanda na Waganda walipopigana kwa mizinga ndani ya mji usio wao. Mahakama ya Kimataifa ya The Hague, tarehe 9 Februari 2022, iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa mabaya iliyoyafanya katika nchi yetu, zilipwe mara tano, milioni 65 kila mwaka. Katika hizo, milioni 225 zilihesabiwa kwa ajili ya watu: waliouawa, waliokatwa viungo, waliobakwa. Mfuko ukaundwa ili kuwatafuta na kuwalipa. Je, mwaka 2025 twasikia nini? Twasikia waziri wa sheria, Constant Mutamba, anashtakiwa kwa dola milioni 19 za fedha hiyo, zilizoelekezwa kwenye kujenga gereza Kisangani. Tarehe 2 Septemba 2025 alihukumiwa miaka 3 ya kazi za lazima. Yeye alikana, akasema ni hila za kumwangusha.

Tuache ya hukumu. Tuseme hata senti moja haikuibwa. Tuseme gereza lingalijengwa, zuri, lenye madirisha. Bado nauliza: mama aliyepoteza mguu kwa bomu la 2000, aliyengoja miaka ishirini na miwili mpaka majaji wa Ulaya wakasema alipwe, alipwe gereza? Hapo ndipo mnapoona ninachokiita kugawa vibaya. Kama mwalimu angelipwa dola 150 kwa mwezi, milioni 19 zingelipa walimu zaidi ya 10,500 kwa mwaka mzima. Lakini hata kuwalipa walimu kwa fedha ile ingekuwa si haki, maana ina wenyewe.

Nirudi nyumbani, kwenye barabara. Tangu mwaka 2008 nchi ina mfuko wa kutunza barabara. Fedha yake hutoka katika mafuta ya gari na katika vizuizi vya kulipia njia. Kila dereva hapa amechangia. Kila mama anayepanda gari na beseni lake la ndagala amechangia, maana dereva humwongezea nauli. Na kwa miaka mingi, mtu wa Uvira aliyetaka kufika Bukavu salama alifanya nini? Alifika Kamanyola, akavuka mpaka, akaingia Rwanda, akapita katika lami ya jirani, akaingia tena Kongo upande wa pili. Mkongo alitoka nchini mwake ili aende mji mkuu wa jimbo lake! Wenye magari mazito, ambao hawakuweza kufanya hivyo, walipanda Ngomo na kumwachia Mungu.

Ya simu pia mwaikumbuka. Mwaka 2020 serikali ilianza kukata fedha katika simu zetu, dola 7 kwa mwaka kwa simu kubwa na dola 1 kwa ile ndogo, ati kwa ajili ya kuandikisha simu. Ulikuwa ukiweka yuniti usiku, asubuhi zimepungua. Hakuna aliyetuonyesha kazi iliyofanywa kwa fedha hiyo. Watu walipiga kelele, wabunge nao wakapiga kelele, na mwanzoni mwa 2022 ikafutwa. Nawataka mshike hilo. Ilifutwa kwa sababu kila mtu alijua kiasi alichokatwa. Mkulima asiyejua kusoma alijua. Ushuru wa mgodi haupigiwi kelele kwa kuwa hatujui kiasi chake.

Na maji. Usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulitoka mahali pake. Sina haja ya kuwasimulia, wengi wenu mlizika. Nyumba zilikwenda ziwani na watu wake ndani. Daraja lilikwenda. Mwaka uliofuata ziwa lenyewe likapanda, na tena 2024, Kalundu na bandari yake ikaogelea. Twajua kipindupindu hakijatoka mji huu tangu tukiwa watoto, na twajua kinatoka wapi: katika maji tunayoteka ziwani bomba likikauka. Nasema kwa haki, kazi ya mabomba mapya ilifanywa kwa fedha ya wageni wa Ulaya, na imesaidia mitaa kadhaa. Lakini nauliza, kwa nini ukuta wa mto uwangoje wageni? Kingo za Mulongwe hazihitaji mtaalamu wa mwezini. Zinahitaji mawe, nayo milima yetu imejaa mawe, na simenti, na mishahara ya vijana wanaokaa bure penye kona ya barabara.

Baada ya mafuriko yale misaada ilikuja. Nilikuwa mmoja wa waliotumwa kunakili majina. Katika orodha niliyopewa na ofisi moja nilikuta watu wa mtaa wa juu, ambao maji hayakuwafikia hata kisigino, na nikakosa jina la mjane mmoja wa karibu na mto aliyebaki na sufuria moja. Mara hii sikuandika. Nilirudisha karatasi. Nikaambiwa nakuza kichwa, na kazi ya kunakili akapewa mwingine. Mjane hakupata bati. Nawaambieni haya ili msidhani kukataa kwa mtu mmoja kunatosha. Kulinisafisha mimi moyo. Yeye alilala mvuani.

Wengine watasema, tatizo hili lilianza na Uhuru, Mwafrika hajui kutunza fedha. Maneno hayo niliyasikia hata shuleni. Basi wanaosema hivyo wasome. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu, wakaipa uwezo juu ya ardhi kubwa ya Kivu hii, ardhi ya baba zetu, iigawe kwa walowezi na makampuni. Na Katanga, siku chache kabla ya 30 Juni 1960, waliivunja Comité Spécial du Katanga, ambayo kwayo serikali ya Kongo ilikuwa na nguvu ndani ya Union Minière. Tulipokabidhiwa nchi, nguvu ile ilikuwa imekwisha kupunguzwa kwa kalamu. Deni lakini tuliachiwa. Kwa hiyo mchezo wa karatasi hatukuubuni sisi.

Lakini tuliuendeleza upesi mno. Wabunge wa kwanza, hata mwezi wa kwanza wa Uhuru haujapita, walijiongezea malipo yao mpaka franga 500,000 kwa mwaka, wakati askari na makarani wanangoja. Watu wa kawaida waliona. Miaka minne haikupita, mwezi wa Mei 1964, vijana wenye mikuki walikuwa wakiingia mji huu wa Uvira, wakidai uhuru wa pili. Siwasifu, damu ya watu wasio na kosa ilimwagika, na wazee waliopo hapa wanajua mambo ambayo hawatayasema. Nasema tu ya kuwa hasira ile ilikuwa na mama yake, na mama yake ni posho ya wakubwa.

Kuna jibu moja tunalopewa kila tunapouliza hesabu: "Ni vita." Mwezi Februari 2025 M23 waliingia Bukavu, mwezi Desemba mwaka ule ule waliingia hapa Uvira. Twajua vita ni nini; hakuna anayehitaji kutufundisha. Lakini vita haiwezi kuwa sababu ya kuficha daftari. Kinyume chake! Askari asiyelipwa ndiye anayeuza risasi zake na kutoza njiani. Jina la askari aliyekufa likiendelea kulipwa mshahara, kuna mkubwa anayeupokea, na kwenye mstari wa mbele kuna nafasi wazi.

Sasa Mwenyekiti ananiangalia, maana tulipatana niseme kwa muda mfupi. Nina jambo la mwisho, nalo si la kupendeza.

Kamati yetu imetaka tuandike barua kwa kila sheferi na komini yenye mgodi, tukiuliza mambo matatu tu: mmepokea kiasi gani cha ile 15 katika 100 tangu 2018, kimetumika katika kazi gani, na nani alitia sahihi. Barua ni nzuri, nimeiandika mimi. Lakini nilipokuwa nikiiandika mzee mmoja wa kamati aliniuliza kwa sauti ndogo, "Karani, je, wakituuliza sisi?" Nimelifikiri neno lake siku tisa. Tawi letu linakusanya franga za kadi kila mwezi. Wachimbaji hutoa, wauza samaki hutoa, mafundi cherehani hutoa. Daftari la fedha hiyo limekuwa likikaa nyumbani kwa mweka hazina, na katika miaka miwili halikusomwa mkutanoni. Wengine katika kamati wanasema tulisome baadaye, kwa siri, tusije tukawapa adui zetu maneno. Mimi nimesema nitaitia sahihi barua ile siku tutakapokwisha kulisoma daftari letu mbele ya watu, na si kabla. Wamenikasirikia. Mmoja ameniita msaliti. Aliyeniita hivyo yuko hapa, nami namheshimu, ni mkubwa kwangu kwa umri.

Jana usiku mweka hazina alinipa daftari, bila ubishi; namshukuru mbele yenu. Ndilo hili mezani. Nimejumlisha kurasa zote mara mbili. Nyingi ni safi. Ukurasa wa kumi na moja una mstari ulioandikwa "safari ya wajumbe", na pembeni yake kuna kiasi kinachozidi makusanyo ya miezi mitatu, pasipo jina la msafiri wala mahali alipokwenda. Bwana Mwenyekiti, naomba kabla hatujaimba na kuagana, mtu anayejua habari ya safari ile asimame atueleze. Nitakaa chini sasa, nipate kuandika jibu lake.